Chatu wangu amepinda shingo ghafla baada ya kupakwa dawa ya utitiri

Mkazi wa Shela, Malindi
Jumamosi, saa 1:40 usiku

Assalamu alaykum, wafugaji wenzangu. Naomba msaada wa haraka, nami nitaeleza mambo kwa utaratibu ili msilazimike kuniuliza mara ya pili.

Ninamfuga chatu jike wa miaka minne hivi, mwenye urefu wa mita moja na nusu na uzito wa kilo 1.8, ambaye wakulima walimwokota shambani akiwa mdogo na jeraha mgongoni. Kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ninacho, na hutumia nyoka huyu kuwafundishia watoto wa shule, kwa hiyo tafadhali tusipoteze muda kwa jambo hilo. Tumempa jina la Shanga kwa ajili ya madoa yake. (Shela ninayoitaja ni hii yetu ya Malindi, si ile ya Lamu.)

Wiki iliyopita niliona vijidudu vyeusi vidogo kama punje za pilipili manga iliyosagwa, vikiwa pembezoni mwa macho yake na chini ya taya, na vingine vimekufa katika bakuli lake la maji. Nilitambua kuwa ni utitiri. Leo asubuhi nilikwenda katika duka la dawa za mifugo, nikauziwa dawa ya kuogeshea mbuzi dhidi ya kupe, ambayo lebo yake inasema kuwa ni sipamethrini. Saa 4 nilichanganya kifuniko kimoja cha dawa katika nusu lita ya maji, nikampaka Shanga mwili mzima kwa kitambaa, nikanyunyizia kizimba chake cha mbao mpaka pembeni, kisha nikamrudisha humo humo na kufunga mlango wa kioo nikidhani kwamba dawa itafanya kazi vizuri zaidi. Bakuli la maji sikulitoa.

Niliporudi kutoka katika sala ya alasiri nilimkuta amepinda shingo kuelekea juu, kama mtu anayetazama dari, na kichwa kinatikisika bila kukoma. Nilipomgeuza chali alibaki chali. Ulimi hautoki, na kila baada ya muda anafungua mdomo na kuufunga. Kipimajoto cha kizimbani kinaonyesha nyuzi 31. Alikula mara ya mwisho siku 11 zilizopita na hakutapika.

Ami yangu ameshikilia kwamba nimnyweshe maziwa, kwa kuwa kwetu kila aliyekula sumu hupewa maziwa. Daktari wa mifugo niliyempigia simu yuko upande wa Marafa na amesema kwamba hawezi kufika kabla ya kesho asubuhi. Nifanye nini usiku huu?

---

Fundi Kizimba, Mtwapa
Jumamosi, saa 1:52 usiku

Mtoe katika kizimba hicho sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma ninachoandika. Fungua madirisha yote. Tia maji ya uvuguvugu katika karai pamoja na matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, umlaze humo nusu saa, kisha umsuuze. Maziwa usimpe. Nilipoteza nyoka wa nyumbani mwaka juzi kwa dawa ya mbu ya kupuliza, na kosa langu lilikuwa ni kungoja nione kama atapata nafuu mwenyewe.

---

Afisa Mifugo Mstaafu, Kilifi
Jumamosi, saa 2:10 usiku

Mwanangu, wagonjwa wangu kwa miaka mingi walikuwa ng'ombe na mbuzi, lakini sumu ya dawa ya kupe naifahamu vizuri, na dalili ulizozieleza zinaingiana nayo. Nianze kwa kumsahihisha Fundi katika jambo moja ambalo linaweza kuua. Kumwosha ni lazima, ila usimlaze karaini ukamwachia. Nyoka aliyeshindwa kujigeuza kutoka chali hawezi pia kukiinua kichwa chake, na anaweza kuzama katika maji ya kina cha vidole viwili. Mtu mmoja amshike kichwa na shingo juu ya maji muda wote, na mwingine amwoshe taratibu kwa kiganja kuanzia shingoni kuelekea mkiani, apite na chini ya tumbo ambako magamba ni mapana na dawa hujificha katika mikunjo yake. Vaeni glavu nyote wawili. Maji yawe ya uvuguvugu tu, kwa kuwa maji ya moto huongeza kasi ya dawa kupenya katika ngozi. Msuuzeni mara mbili au tatu kwa maji safi, kisha mkausheni kwa taulo kwa kumgusagusa badala ya kumsugua. Msitumie mafuta ya taa wala spiriti.

Maji mliyomwoshea msiyamwage katika mtaro unaoelekea baharini. Sipamethrini huua samaki na kaa kwa kiasi kidogo mno, nasi watu wa Malindi hatuna sababu ya kuipeleka katika matumbawe yetu. Chimba shimo mbali na kisima uyamwage humo.

Sasa nieleze kwa nini mbuzi huoshwa kwa dawa hii akaenda zake malishoni, na nyoka akaanguka. Sipamethrini ni ya ukoo wa dawa zilizobuniwa viwandani kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, yale yale ambayo wakulima wetu wa bara waliyalima kwa miongo mingi. Hufanya kazi kwa kuyazuia malango ya neva yasifunge, hivyo neva hubaki ikituma ujumbe mfululizo, na msuli unaopokea ujumbe huo hutetemeka pasipo kupumzika. Ini la mbuzi huivunja sumu hiyo upesi. Nyoka hana moto wa ndani kama mbuzi, na kasi ya ini lake hutegemea joto la mahali alipo, kwa hiyo sumu ile ile hukaa mwilini mwake muda mrefu zaidi. Tena wewe ulimfungia ndani pamoja na mvuke wake, juu ya ubao ulioinywa, na ukamwachia maji ya kunywa yaliyopata dawa. Naomba usome lebo uniambie kipimo kilichoandikwa, kwa sababu naogopa kwamba kifuniko hicho kilikuwa kikubwa kuliko ulivyodhani.

Baada ya kumwosha, mweke katika ndoo pana au sanduku la plastiki lenye matundu ya hewa, ambalo halijawahi kuguswa na dawa yoyote. Tandika taulo, umlaze kifudifudi, kisha kunja taulo nyingine mbili uziweke ubavuni mwake huku na huku zimzuie asipinduke. Funika sanduku kwa khanga ili kuwe na giza, maana mwanga na kelele huzidisha mtikisiko. Joto liwe kati ya nyuzi 28 na 30. Usiwashe taa ya joto juu yake, kwa sababu mnyama asiyeweza kusogea hawezi kuikimbia taa hiyo.

Kuhusu maziwa, mweleze ami yako kwa heshima kwamba hapa yatamdhuru. Tundu la pumzi la nyoka liko mbele kabisa katika sakafu ya mdomo, nyuma kidogo tu ya mahali ulimi unapotokea, na mnyama huyu hana kiwambo cha kumwezesha kukohoa kama sisi. Chochote utakachommiminia sasa, yawe maziwa, maji au mafuta, kina njia fupi ya kufika katika pafu. Chakula pia hapana, hata akionekana amechangamka kesho. Chatu wa ukubwa huo hukaa wiki nyingi bila kula na asipate dhara.

Kesho mwonyeshe daktari chupa yenyewe. Usitegemee kumtajia jina la dawa kwa mdomo. Baadhi ya dawa za kupe ni za ukoo mwingine kabisa, ambao tiba yake ni atropini, na atropini hiyo haitibu sumu ya sipamethrini. Kwa mgonjwa wako atakachohitaji ni dawa ya kutuliza mtetemeko na maji ya kuchomwa chini ya ngozi, na dozi ni kazi ya daktari. Mpime uzito upya kabla hajafika kwa kumtia katika foronya juu ya mizani ya jikoni. Iwapo daktari hajawahi kumtibu nyoka, asione haya kuwapigia simu watu wa Bio-Ken pale Watamu, ambao wanaishi na nyoka tangu mwaka 1980 na si mbali nanyi.

---

Mkazi wa Shela, Malindi
Jumamosi, saa 3:35 usiku

Shikamoo, Bi Mkubwa. Tumemwosha mara tatu, mke wangu akishika kichwa. Nimesoma lebo kwa tochi: inasema mililita moja kwa lita moja ya maji. Kifuniko nimekipima kwa bomba la sindano, nacho kinachukua mililita saba. Mimi nilikitia katika nusu lita, maana yake nilimpaka dawa yenye nguvu mara 14 ya ile anayopakwa mbuzi. Sina la kusema.

---

Mwalimu wa Baiolojia, Gede
Jumamosi, saa 4:05 usiku

Nakubaliana na hatua zote zilizoelezwa, na endelea nazo. Hata hivyo ningependa tusifunge mlango mapema, kwa sababu shingo iliyopinda kuelekea juu ni dalili ya ubongo na neva kuathirika, na wala haimtaji mwenye kosa. Niulize mawili. Kizimba chako kiko karibu na dirisha la upande gani, na kipimajoto kimewekwa wapi? Katika miezi hii ya kaskazi sanduku lenye mlango wa kioo likipigwa na jua la alasiri linaweza kupita nyuzi 40 kwa muda mfupi, kisha likapoa kabla hujarudi nyumbani, na kiharusi cha joto humwacha nyoka katika hali hiyo hiyo. La pili, utitiri huu ulitoka wapi? Nyoka aliyekaa peke yake miaka minne hazushi utitiri kutoka hewani.

---

Mkazi wa Shela, Malindi
Jumamosi, saa 4:20 usiku

Kizimba kiko ukuta wa kaskazini, jua halikifikii, na kipimajoto kiko katikati, usawa wa sakafu. Swali la pili limenigusa. Mwezi wa Januari mfugaji mwenzangu alileta chatu wake tukafanya maonyesho pamoja shuleni, na wakati wa kurudi tulitumia mfuko mmoja wa kitambaa kwa nyoka wote wawili, kwa zamu.

---

Mwalimu wa Baiolojia, Gede
Jumamosi, saa 4:45 usiku

Basi joto tuliache. Mfuko huo unaeleza utitiri, lakini unafungua shaka nyingine ambayo ni wajibu wangu kuitaja. Kuna maradhi ya chatu na jamaa zake yanayosababishwa na virusi viitwavyo reptarena, ambavyo wanasayansi walivitambua mwaka 2012. Kwa chatu maradhi hayo hushambulia neva: shingo hupinda, nyoka hushindwa kujigeuza, na mara nyingi hufa. Hayana tiba, na utitiri unashukiwa kuyabeba kutoka kwa nyoka mmoja hadi mwingine.

Siandiki haya ili kukutisha usiku wa manane. Mwenendo wa dalili wenyewe utatupa jibu. Sumu ya ngozi huanza saa chache baada ya dawa, kama ilivyotokea kwako, hufikia kilele, kisha hupungua siku baada ya siku kadiri mwili unavyoivunja. Virusi haviendi hivyo. Mgonjwa wake huzidi kuharibika, au hupata nafuu ya kupita na kurudi chini. Kwa hiyo andika kila asubuhi na jioni mambo matatu tu: sekunde anazochukua kujigeuza, ikiwa ulimi unatoka, na ikiwa kichwa kinatikisika akiwa hajaguswa. Mjulishe na mwenzako mwenye yule chatu mwingine, tena usiku huu huu, kwa sababu naye huenda yuko dukani kesho akinunua dawa ile ile.

---

Mkazi wa Shela, Malindi
Jumapili, saa 12:30 jioni

Shanga yu hai. Daktari alifika saa 3 asubuhi, akakiri kwa ungwana kwamba huyu ni nyoka wake wa pili kumtibu maishani, akaisoma chupa, akapiga simu mbili kabla ya kufungua mkoba wake. Alimchoma dawa ya kutuliza misuli, kisha akampa mililita 35 za maji ya chumvi yaliyopashwa joto kidogo, akiyagawa sehemu mbili chini ya ngozi ya ubavu. Sindano zote alizichoma nusu ya mbele ya mwili, akanieleza kwamba damu ya upande wa mkia huweza kupitia katika figo kwanza, na dawa ikapotelea huko au ikaziumiza.

Mtetemeko ulipungua baada ya kama saa moja. Shingo bado imepinda. Kujigeuza: hawezi. Ulimi: haujatoka. Ami alikuja kumwangalia mchana, akakaa naye kimya muda mrefu kwa mtu ambaye kwa miaka minne amekataa kuingia katika chumba hicho.

Mwenzangu nimempata. Nyoka wake ana utitiri vilevile, lakini hana dalili nyingine, na chupa ya dawa alikuwa ameinunua tayari. Hajaifungua.

---

Mzee wa Langoni, Lamu
Jumatatu, saa 3:15 asubuhi

Nimefurahi kwamba mgonjwa ameamka. Nilifanya kazi katika bustani ya nyoka ya pwani kwa miaka 9 kabla ya kurudi kwetu Lamu, ambako sasa ninafuga punda watatu tu. Dawa ya kupe ninayo hapa nyumbani kwa ajili yao, na kila ninapoichanganya hukumbuka nyoka wawili tuliowapoteza kwa njia hii hii. Nataka nizungumzie jambo ambalo hamjaligusa: utitiri bado upo, na mwenye nyoka atashawishika kurudia dawa, safari hii kwa kipimo kidogo. Usirudie.

Watu wengi humpiga vita nyoka, hali vita viko kizimbani. Utitiri jike hunyonya damu, kisha hushuka na kutaga katika nyufa zenye giza na unyevu, na kwa joto letu mayai huanguliwa ndani ya siku chache, na mzunguko mzima hukamilika katika wiki mbili hivi. Kizimba cha mbao ni nyumba yake ya fahari. Ubao wenye sumu hauoshiki ukaisha, na ubao wenye mayai hausafishiki ukaisha. Chako kina vyote viwili, kwa hiyo kitupe, wala usikichome karibu na watu. Mfuko ule wa kitambaa nao utupe.

Mfugie Shanga katika sanduku la plastiki, juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi, ili kila nukta nyeusi ionekane. Karatasi ibadilishwe kila baada ya siku mbili na kutiwa katika mfuko uliofungwa kabla haijatoka chumbani. Bakuli na mawe yachemshwe. Atakapoweza kukiinua kichwa mwenyewe, na si kabla, mlaze kila siku ya tatu katika maji ya uvuguvugu ya kina kisichozidi unene wa mwili wake, kwa dakika 20, nawe ukiwa umekaa hapo hapo. Utitiri wa mwilini utazama, lakini ule mwerevu utapanda kichwani, na huo utauondoa kwa kijiti cha pamba kilichoguswa mafuta kidogo, ukipita katika mfereji wa chini ya kidevu bila kugusa jicho. Endelea wiki sita hata kama utadhani umekwisha katika wiki ya pili, maana sisi kila tulipoacha mapema ulirudi.

Daktari akipendekeza sindano ya ivamektini baadaye, nyoka aliyepona huivumilia ikipimwa vizuri. Lakini kama nyumbani kuna kobe, dawa hiyo isimkaribie kabisa, kwa kuwa humuua.

---

Afisa Mifugo Mstaafu, Kilifi
Jumatatu, saa 4:00 asubuhi

Mzee amesema kweli. Niongeze tu kwamba ivamektini nayo hugusa neva, kwa hiyo isifikiriwe mpaka dalili zote za neva ziwe zimetoweka. Watoto nao wanawe mikono kwa sabuni baada ya kugusa sanduku, sababu nyoka hubeba salmonela hata akiwa mzima, na mnyama mgonjwa hushikwashikwa kuliko kawaida.

---

Mkazi wa Shela, Malindi
Siku 24 baadaye

Niliahidi kuwaarifu. Siku ya tatu ulimi ulitoka kwa mara ya kwanza, nami nilimwita mke wangu kutoka jikoni aje aone. Siku ya tano alijigeuza kwa sekunde 40, siku ya nane kwa sekunde 12, na kuanzia siku ya 13 hageuziki tena, kwa sababu haniruhusu. Alikunywa maji mwenyewe siku ya tisa. Daktari alirudi mara mbili kumwongezea maji ya chini ya ngozi, na uzito wake ulishuka hadi kilo 1.7, kisha ukasimama hapo.

Kimebaki kitu kimoja. Akiwa ametulia, kichwa chake huinama kidogo upande wa kushoto, kama anayesikiliza. Mwalimu ameniambia kwa ujumbe wa faragha kwamba nafuu ya mfululizo namna hii inaelekeza kwenye sumu, ila haifuti kabisa shaka ya virusi, kwa hiyo maonyesho ya shule nimeyasimamisha, na hakuna nyoka mwingine atakayeingia katika nyumba hii wala mfuko utakaotoka. Mwenzangu naye anafuata utaratibu wa Mzee wa Langoni. Hesabu yangu ya nukta nyeusi juu ya karatasi ilikuwa 31 wiki ya kwanza, 6 wiki ya pili, na juzi moja.

Jana usiku nilimpa kipanya kidogo, nusu ya ukubwa aliouzoea, kilichokufa na kupashwa joto. Alikosea shabaha mara ya kwanza, akakipata mara ya pili. Leo asubuhi hajakitapika. Ami ameuliza kama sasa anaweza kupewa maziwa.